Usiuze Neno "Asili", Uza Sabuni Unayoweza Kuieleza

 

Leo naongea na watengeneza sabuni: ya maji, ya mche, shampuu, jeli ya kuogea, na vile vikopo vya skrabu vinavyouzwa saluni. Nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, lakini bora tuambiane wenyewe kuliko kuja kuambiwa na mteja aliyeungua mikono.

Pita madukani na sokoni uangalie chupa za sabuni za wajasiriamali wadogo. Nyingi zimeandikwa "asili", "oganiki", "ya mimea" au "haina kemikali", na pembeni kuna picha ya jani la kijani. Sasa muulize muuzaji: ya mmea gani? Hapo unakuta kimya. Au anakwambia, "Nimeweka mshubiri kidogo."

Msimamo wangu ni huu. Bidhaa za usafi zinazotokana na mimea ni biashara ya kweli, dunia inaelekea huko, na sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunayo malighafi ambayo wenzetu wanaitafuta. Ila tukiendelea kulitumia neno "asili" kama pambo la lebo, tutaiua biashara hiyo kabla haijatulipa. Mteja akishadanganywa mara mbili, hata wewe unayesema ukweli hatakuamini.

TUFUNUE NDOO TUONE

Chukua sabuni ya maji ya kawaida, ile ya kuoshea vyombo inayofundishwa kwenye semina na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ndani yake kuna nini? Salfoniki, slesi, magadi soda ya kiwandani, CDE, glisirini, chumvi, rangi, pafyumu na maji. Wengine wanaongeza fomalini ili isioze. Twende moja moja.

Salfoniki ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kutoa mafuta kwenye sufuria. Imetengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Hakuna mmea hapo.

Slesi ni mchanganyiko. Mkia wake, ule unaong'ang'ania mafuta, mara nyingi unatokana na nazi au kokwa za michikichi. Sehemu ya katikati kwa kawaida inatokana na petroli au gesi. Kwa hiyo slesi ni chotara: nusu shambani, nusu kisimani.

CDE nayo ina asili ya nazi, lakini imeunganishwa na kitu cha kiwandani kisichotoka kwenye mmea. Glisirini siku hizi nyingi inatokana na mafuta ya mimea. Chumvi ni madini. Rangi na pafyumu, kwa bei tunazonunulia, ni za kiwandani.

Salfoniki na slesi ni jamii moja ya vitu ambavyo wataalamu wanaviita safaktanti. Ni chembe yenye ncha mbili: moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji. Ncha ya kwanza inashika uchafu, ya pili inauvuta uende na maji. Sabuni yoyote duniani, hata ya mche aliyotumia bibi yako, inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Sasa niambie, ukishaweka salfoniki kwenye ndoo, kijiko kimoja cha mshubiri kinaifanyaje sabuni nzima iwe "ya asili"? Hilo ni sawa na kuchovya jani la mchicha kwenye supu ya ng'ombe halafu ukaiita mboga za majani.

Na hili la "haina kemikali" tuliache kabisa. Kostiki soda ni kemikali, na bila kostiki au ndugu zake hakuna sabuni. Ukiandika "haina kemikali", mtu anayejua anacheka, na mtu asiyejua anaweza kumpa mtoto achezee.

KUNA MASWALI MAWILI, TUSIYACHANGANYE

Watu wengi wanafikiri kitu cha mmea lazima kiwe salama na cha petroli lazima kiwe sumu. Sivyo. Swali la kwanza ni: kimetoka wapi? Swali la pili: kikishamwagwa, kinaishia wapi na kinafanya nini njiani? Majibu yake yanaweza kupishana.

Mfano wa kwanza uko Ulaya. Miaka ya 1950 viwanda vilianza kuuza sabuni za unga zenye safaktanti ya petroli ambayo chembe zake zilikuwa na matawi mengi. Vijidudu vya majini vilishindwa kuzila. Mito ya Ujerumani na Uingereza ikafunikwa na povu. Mwaka 1961 Ujerumani ikatunga sheria ya sabuni hizo, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 viwanda vya Ujerumani na vya Marekani vilihamia kwenye chembe iliyonyooka ambayo vijidudu wanaiweza. Hiyo chembe iliyonyooka ndiyo salfoniki tunayonunua leo. Ni ya petroli, lakini kwenye maji yenye hewa ya kutosha inaoza vizuri. Tatizo linakuja kwenye tope lisilo na hewa, kama mtaro uliotuama. Humo inakaa muda mrefu.

Mfano wa pili uko Ethiopia. Mwaka 1964 mtafiti Aklilu Lemma alikuwa Adwa akichunguza kichocho. Aliona kina mama wakifua mtoni kwa matunda ya mmea unaoitwa endodi, ambao unatoa povu kama sabuni. Chini kidogo ya pale walipofulia, konokono walikuwa wamekufa. Konokono ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaujua ugonjwa huo. Kazi yake hiyo ilimpatia yeye na mwenzake, Legesse Wolde-Yohannes, tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989.

Ni habari njema. Ila endodi inaua na samaki pia. Mmea halisi, sabuni halisi, povu la asili, na bado ukiimwaga hovyo kwenye bwawa la sato unapata hasara. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni ya mmea, haina madhara", mwambie akueleze vizuri.

Kwetu hapa swali la pili lina uzito wa pekee. Mto Simiyu unapita wilayani kwetu na kuingia Ghuba ya Speke. Maji ya kufulia, ya kuoshea bodaboda na ya saluni yanaelekea kule kule tunakovua na kuchota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ukiwa na karakana ya sabuni, hilo linakuhusu hata kama sabuni yako ni ya mawese matupu.

DUNIA INAPIMA, SISI TUNAPAMBA

Unaweza kusema, "Nani atajua?" Inawezekana kujua. Mimea iliyo hai inavuta hewa ambayo ndani yake kuna kaboni 14 kidogo. Petroli imekaa ardhini mamilioni ya miaka, kaboni 14 yake ilishakwisha. Maabara ikipima sampuli inaweza kusema ni asilimia ngapi imetoka kwenye mmea na ngapi imetoka kisimani. Huko Marekani, tangu mwaka 2011 kuna lebo ya serikali inayoonyesha asilimia hiyo kwenye bidhaa, na inatolewa baada ya kupima.

Makampuni makubwa yanakimbilia huko. Mwaka 2024 kampuni ya Evonik ilifungua kiwanda Slovakia kinachotengeneza safaktanti kwa kuchachusha sukari kwa kutumia bakteria, bila mawese wala petroli. Yaani ni kama kupika pombe, ila kinachotoka ni povu la sabuni.

Sisemi uende ukajenge kiwanda cha aina hiyo Magu. Ninachosema ni kwamba neno "ya mimea" linaanza kuwa na kipimo. Siku wanunuzi wakubwa wa huku kwetu, kama hoteli, shule na hospitali, watakapoanza kudai uthibitisho, atakayebaki ni yule aliyekuwa anaandika daftari lake vizuri tangu mwanzo.

TULICHONACHO NYUMBANI

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo hela ilipo.

Sabuni ya mche ndiyo safaktanti ya mmea ya zamani kuliko zote, na inatengenezeka kwa sufuria na mwiko. Unachukua mafuta na kostiki, unapata sabuni na glisirini. Hakuna kisima cha petroli kwenye mafuta hayo. Wakati wenzetu wanatafuta teknolojia mpya, sisi tunaidharau hii kwa sababu haina rangi ya kijani wala chupa ya pampu.

Malighafi je? Magu ni nchi ya pamba. Mbegu ya pamba inakamuliwa mafuta, na mashudu yanakwenda kwa ng'ombe. Mawese yanatoka Kigoma. Mafuta ya ng'ombe tunayo, kwa sababu Usukumani bila ng'ombe si Usukumani. Kila moja lina tabia yake.

Mafuta ya pamba yanatoa sabuni laini, povu zuri kiasi, lakini peke yake yanalainika mno na sabuni inawahi kunuka uvundo. Yakiwa ghafi yana rangi nyeusi nyeusi, na sabuni nayo itatoka na rangi. Mawese yanaleta ugumu. Mafuta ya ng'ombe nayo yanaleta ugumu, ila wapo wateja wasiotaka kitu cha mnyama, au wanaotaka kujua kama alichinjwa kwa utaratibu wa dini yao, kwa hiyo ukitumia useme. Nazi inaleta povu jingi lakini ikizidi inakausha ngozi.

Angalizo: mbegu za pamba za kupandia huwa zimepakwa dawa. Hizo hazikamuliwi, iwe kwa kula au kwa sabuni.

Na hii ndiyo hesabu ambayo wengi wanakosea. Kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 141 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Mafuta ya pamba karibu gramu 138, ya ng'ombe 140, ya nazi 183. Ukishapata jumla, punguza asilimia 5 ili kibaki mafuta kidogo ya kulinda ngozi. Mfano: kilo 6 za mawese na kilo 4 za mafuta ya pamba. 846 jumlisha 552 ni gramu 1,398. Toa asilimia 5, unabaki na gramu 1,328 hivi.

Umeona nimesema kilo? Dumu la lita 20 la mafuta halina kilo 20. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ni kama gramu 920, kwa hiyo dumu lina kilo 18.4 hivi. Ukipiga hesabu ya mawese kwa kilo 20, umezidisha karibu gramu 226 za kostiki, karibu robo kilo nzima. Hata ile asilimia 5 uliyopunguza haitoshi kuifidia. Hiyo ndiyo inayomchubua mama ntilie mikono, halafu anasema sabuni za wajasiriamali ni mbaya. Nunua mizani. Mizani ni mtaji kama sufuria ilivyo mtaji.

Na kwa usalama: kostiki inamwagwa kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye kostiki. Usitumie sufuria ya aluminiamu, inaliwa na inatoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali.

Kuna jambo jingine linalotubeba. Sabuni ya mafuta haipendi maji yenye chumvichumvi. Inagoma kutoa povu na inaacha utando kwenye beseni. Ndiyo maana sabuni za kiwandani za petroli zilishinda sehemu nyingi duniani, kwa sababu zenyewe zinavumilia maji magumu. Lakini maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana madini mengi. Kwa mteja anayetumia maji ya ziwa, mche wako unafanya kazi vizuri. Kwa mteja wa kisima kirefu chenye chumvi, muuzie ya maji na umwambie sababu. Mteja anayeelezwa hivyo anarudi.

VIPI KUHUSU UZITO WA SABUNI YA MAJI?

Wateja wetu wanapenda sabuni nzito. Wengi tunaipata kwa chumvi, na mnajua wenyewe: chumvi ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji, ndoo nzima imeharibika.

Kuna jamii nyingine ya vitu vya kuleta uzito. Ni polima, yaani mnyororo mrefu wa chembe zilizoshikana kama shanga. Plastiki ni polima ya petroli. Wanga wa muhogo ni polima ya mmea, na pamba nayo ni polima ya mmea. Baada ya pamba kuchambuliwa, kwenye mbegu hubaki manyoya mafupi ambayo karibu yote ni selulosi. Manyoya kama hayo, au mbao, viwandani hugeuzwa kuwa CMC, ule unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya kemikali. CMC inaleta uzito, na kwenye sabuni ya kufulia inazuia uchafu uliotoka usirudi kung'ang'ania nguo. Haitengenezeki jikoni, usijaribu, lakini ni kitu chenye asili ya mmea unachoweza kununua na kukisema kwa haki.

Ukienda Zanzibar utakuta mwani. Tangu mwaka 1989 hivi kina mama wa Paje, Jambiani na kwingineko wamekuwa wakilima mwani kibiashara. Sehemu kubwa inakaushwa na kusafirishwa nje ikiwa ghafi. Huko inatolewa polima inayoitwa karajini, inayoleta uzito kwenye dawa ya meno, shampuu na losheni. Kisha tunaletewa dawa ya meno tununue. Pamba yetu na mwani wao wanapita njia moja: unaondoka ukiwa wa kilo, unarudi ukiwa wa gramu. Baadhi ya kina mama wa Zanzibar wameanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni wenyewe. Wana la kutufundisha: wanataja mmea, wanataja pwani, mteja anajua analipia nini.

Na wanga wa muhogo? Wapo wanaoutumia kuongezea sabuni ya maji uzito. Mimi siushauri. Kwa joto la huku unaota ukungu na kunuka ndani ya siku chache, na wengi wakiona hivyo wanakimbilia fomalini. Fomalini ni hatari kwa anayeipika na kwa anayeitumia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kama unataka kuuza wanga wa muhogo, uuze mkavu, kwa madobi, kama stachi ya kunyooshea nguo. Hiyo ni bidhaa ya mmea asilimia mia, kwenye pakiti, bila fomalini wala uongo. Nashangaa ni wachache wanaoifanya.

Kwa wa saluni: skrabu zenye punje ndogo za plastiki zimeshapigwa marufuku kwenye nchi kadhaa, Marekani kwa sheria ya mwaka 2015 na Uingereza mwaka 2018. Wewe huzihitaji. Sukari, masalia ya kahawa, au pumba za mpunga zilizosagwa laini na kuchekechwa zinafanya kazi ile ile.

Ila tusijidanganye kwamba punje hizo ndizo plastiki kubwa ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza, na samaki mmoja kati ya watano wa kila aina alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Watafiti walielekeza kidole kwenye taka za mjini, kama vifungashio. Kwa maana hiyo chupa yako ya sabuni ina uzito kuliko skrabu yako. Weka bei ya kujaziwa: mteja akija na chupa yake anapunguziwa. Wewe unaokoa gharama ya chupa, yeye anaokoa hela, na chupa moja inazunguka mara nyingi.

NAJUA MTANIULIZA

"Mteja wa Magu anaangalia bei, mambo ya mimea ni ya wazungu." Ni kweli anaangalia bei. Lakini salfoniki na slesi zinaagizwa nje kwa dola, zinashuka Dar, zinapanda lori mpaka Mwanza. Dola ikipanda, ndoo yako inapanda, na wewe huna usemi. Mafuta ya pamba na mawese nayo yanapanda na kushuka, lakini angalau msimu wake unaujua, muuzaji unamjua, na unaweza kununua mapema bei ikiwa chini. Mwenye miguu miwili anasimama vizuri kuliko wa mmoja. Tengeneza vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.

"Mafuta ya kula yenyewe ni ghali, tuyageuze sabuni?" Hilo ni swali zito na nakubaliana nalo. Tanzania bado inaagiza mafuta ya kula. Kwa hiyo mafuta safi ya kupikia yaende jikoni. Sabuni itumie yale ya daraja la chini: mafuta ghafi yasiyofaa kula, mafuta ya ng'ombe yanayotupwa machinjioni, na masalia yanayobaki viwanda vinaposafisha mafuta ya pamba. Ukitumia masalia, pima kidogo kwanza, maana hesabu ya kostiki inabadilika. Na mawese yenyewe, yale ya nje, mengi yamelimwa mahali palipokuwa msitu. Kumbuka tena: mmea peke yake hauleti utakatifu.

"Nikiandika ukweli kwamba nina salfoniki, si mteja atakimbia?" Jaribu. Andika "ina viambato vinavyotokana na nazi" kama una CDE, na usiseme zaidi ya hapo. Mteja hakimbii ukweli, anakimbia mikono kuwasha na sabuni iliyooza kabatini.

FANYA HIVI WIKI HII

Moja. Chukua daftari, andika kila unachoweka kwenye ndoo, kiasi gani, na kimetoka wapi: mmea, madini, petroli au mchanganyiko. Kama hujui, muulize aliyekuuzia. Kama naye hajui, tafuta muuzaji mwingine.

Mbili. Futa "haina kemikali" kwenye lebo. Futa "oganiki" kama huna cheti. Badala yake taja kitu chenyewe: "mche wa mafuta ya pamba na mawese". Hilo jina peke yake ni tangazo, na mteja wa Magu ambaye baba yake amelima pamba atalielewa kuliko jani la kijani.

Tatu. Acha fomalini. Tengeneza kidogo kidogo, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, vyombo visafi, andika tarehe. Kuhusu kihifadhi salama kinachofaa aina ya sabuni yako, waone SIDO Mwanza, shirika hili lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako.

Nne. Hapo hapo SIDO ulizia utaratibu wa alama ya ubora ya TBS. Tangu mwaka 2019 mambo ya vipodozi yalihama kutoka TFDA kwenda TBS, kwa hiyo shampuu na sabuni ya kuogea inakuhusu huko. Ukienda na lile daftari, nusu ya maswali yao umeshayajibu.

Tano. Maji ya kuoshea ndoo usiyamwage kwenye mfereji unaokwenda mtoni. Yaache yatumike kusafishia sakafu au choo, na mabaki yenye kostiki usimwage hovyo kabisa.

Mafuta ya pamba tunayo, ng'ombe tunao, maji laini tunayo. Kilichobaki ni kupima kwa mizani na kuandika kwa ukweli. Mteja akishika mche wako akauliza "Hii ni ya asili?", usijibu ndiyo wala hapana. Mwambie ni mafuta gani, kilo ngapi, kostiki kiasi gani. Akimaliza kusikiliza atakuwa anatafuta hela mfukoni.